Kasha Lililofichwa Kando ya Mto: Njia Moja ya Kufundisha Mahali katika Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mtoto wa darasa la tano aweza kutamka bila kusita kwamba Ikweta ni latitudo ya nyuzi 0, kwamba longitudo ya nyuzi 0 hupita Greenwich, na kwamba nchi yake imo upande huu au ule wa mistari hiyo. Mpe sasa latitudo na longitudo ya kisima cha shule yake mwenyewe, umwambie akupeleke. Atakutazama. Maneno anayo, lakini mahali hana. Aghalabu sisi walimu tumemfundisha mistari iliyochorwa juu ya tufe, tukaiacha hukohuko juu ya tufe, wala hatukuishusha ikafika chini alipokanyaga.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mchezo mmoja unaochezwa siku hizi katika nchi nyingi, na kuonyesha ni sehemu gani ya mchezo huo inayomfaa mwalimu wa shule ya msingi na ni sehemu gani aiache. Tumechagua mfano wa mchezo unapochezwa kando ya mto, kwa sababu mto ndio unaodhihirisha upesi kama mwanafunzi anasoma ardhi au anafuata nambari kama kipofu.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo huu huitwa jiokashi, jina lililoundwa kwa kuunganisha neno la Kigiriki lenye maana ya dunia na neno la Kifaransa lenye maana ya maficho. (Mwanachuo asidhani kuwa ni ndugu ya neno letu "kasha". Kasha letu tulilipata kwa Wareno, nalo halina udugu na maficho ya Wafaransa. Lakini kwa kuwa kitu kinachofichwa ni kasha, neno hilo litatufaa sana.) Mtu mmoja huchukua chombo kisichopitisha maji, akatia ndani yake daftari dogo na pengine vitu vichache vya kubadilishana, akakificha mahali ambapo watu wana ruhusa ya kupita, kisha akatangaza latitudo na longitudo ya mahali hapo. Mtu mwingine, mwenye kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, huzifuata nambari hizo, hulitafuta kasha, huandika jina lake na tarehe katika daftari, kisha hulirudisha kasha palepale alipolikuta. Akichukua kitu ndani yake, huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Desturi ya kuacha alama ya kufika kwako nyikani ni ya zamani kuliko setilaiti. Mwaka 1854 mwongozaji wa wasafiri aliyeitwa James Perrott aliweka chupa penye Cranmere Pool, katikati ya nyika ya Dartmoor kusini-magharibi mwa Uingereza, ili waliofika huko waache kadi zao. Lakini jiokashi ina tarehe yake ya kuzaliwa. Mfumo wa setilaiti za kutambulisha mahali uliundwa na jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi mawimbi yaliyotolewa kwa raia yalivurugwa kwa makusudi, hata kipokezi kikaweza kukosea kwa mita 100 hivi. Mwanzoni mwa mwezi Mei 2000 uvurugaji huo ulikomeshwa kwa agizo la Rais Bill Clinton. Tarehe 3 Mei 2000 mtu mmoja, Dave Ulmer, aliweka ndoo msituni karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari za mahali pale. Katika siku chache ndoo ilikwisha kupatikana. Leo hii makasha yaliyotangazwa duniani ni zaidi ya milioni 3.

Kwa nini mchezo haukuanza kabla ya hapo? Swali hili mwalimu wa hesabu asiliache lipite, maana jibu lake ni somo zima. Kipokezi kinachokosea kwa mita 100 kinamwambia mtafutaji kwamba kasha limo ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha mita 100, yaani eneo la mita za mraba zipatazo 31,400. Hakuna atakayepekua eneo hilo akamaliza kabla ya jua kuchwa. Kosa likipungua likawa mita 10, eneo la kupekua huwa mita za mraba 314 tu. Kosa limepungua mara 10, bali kazi imepungua mara 100. Watoto wa darasa la sita wakichora duara hizo mbili uwanjani kwa kamba na mambo, wataliona jambo hili kwa macho yao.

BUSTANI NA MTO

Uingereza wana sehemu ziitwazo bustani za mashambani. Hizi si mbuga za wanyama kama zetu, wala si bustani za maua za mjini. Ni maeneo ya wazi, mengi yake yakiwa nje kidogo ya miji, yaliyotengwa ili wakazi wa mjini wapate pa kutembea bila kusafiri mbali. Sheria iliyozipa msingi ilipitishwa mwaka 1968, na miongoni mwa zile za mwanzo kabisa ni Bustani ya Etherow, iliyofunguliwa mwaka huohuo katika kijiji cha Compstall, karibu na mji wa Stockport.

Mto Etherow hushuka kutoka milima ya Pennines, huungana na mto Goyt, na maji ya Goyt yakikutana na ya mto Tame hapo Stockport huzaliwa mto Mersey uendao baharini Liverpool. Compstall kilikuwa kijiji cha kinu cha pamba. Ili kupata maji ya kuendeshea mitambo, wenye kinu walijenga ukuta wa mawe kukata mto huko juu, wakachimba mfereji kuyaleta maji hadi kwenye bwawa la kinu. Kinu kimekwisha kazi yake, lakini ukuta, mfereji na bwawa vingalipo, na njia ya watembeao hufuata mfereji hadi huko ukutani. Kwa hiyo katika bonde jembamba mgeni hukuta mistari kadhaa iliyolala karibu karibu: mto, mfereji, njia, na mteremko wa msitu.

Tuchukulie kwamba mtu ameficha kasha katika bonde la namna hiyo, na kwamba kundi la watoto lina kipokezi. Kipokezi kinaonyesha mshale na umbali: mita 180, kaskazini-mashariki. Watoto wanakimbilia unakoelekea mshale. Baada ya muda wanasimama, mbele yao kuna maji, na mshale bado unaelekeza mbele. Kipokezi hakikuwadanganya. Kimewaambia umbali wa mstari ulionyooka kati ya nambari mbili, na mstari ulionyooka haujui mto. Haujui daraja liko wapi, wala haujui kwamba ukuta ule wa mawe, ambao maji hupita juu yake, si njia ya kuvukia hata kidogo.

Hapa ndipo somo linapoanza. Mwalimu mzuri hatawaonyesha daraja. Atawataka wakae chini, waitandaze ramani, wajibu maswali matatu: Sisi tuko ukingo gani? Kasha liko ukingo gani? Watu wa hapa huvukia wapi? Swali la kwanza linaonekana jepesi, lakini hata watu wazima hulikosa. Ukingo wa kulia wa mto ni ule ulio mkono wa kulia wa mtu anayetazama maji yanakokwenda. Kundi linalotoka Compstall kuelekea ukutani linapandisha mto, yaani linatazama maji yanakotoka. Kwa kundi hilo ukingo wa kulia uko mkono wa kushoto. Mtoto aliyekariri "kulia" na "kushoto" bila kuuliza maji yaenda wapi atapotea mahali pasipo na hatari ya kupotea.

MITA KUMI ZA MWISHO

Tuseme kundi limepita darajani, limefika. Kipokezi sasa kinasema mita 4. Wakisogea hatua mbili kinasema mita 9. Wakisimama kimya kinasema mita 6, bila wao kusogea. Mwanachuo anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza hudhani chombo kimeharibika. La, chombo ni kizima. Kinapima wakati unaotumiwa na mawimbi kusafiri kutoka setilaiti zilizo juu yetu kwa kiasi cha kilomita 20,000, nacho huhitaji kuzisikia setilaiti angalau 4 kwa pamoja. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya miti mikubwa, au katika bonde lenye kuta za mwamba, mawimbi huzuiwa au hugonga na kurudi, na kosa huzidi. Tena tusisahau kwamba aliyeficha kasha naye alikuwa na kosa lake alipozichukua nambari. Makosa hayo mawili yakielekea pande tofauti hujumlishana.

Katika bonde lenye mistari mingi mita 10 ni kitu kikubwa. Zinatosha kumtoa mtu njiani na kumweka, katika nambari, ng'ambo ya mfereji. Hapo mtafutaji hana budi kukiweka chombo mfukoni na kuanza kufikiri kama aliyeficha. Mimi ningeficha wapi? Si chini ya majani makavu, maana upepo huyapeperusha. Si ufukoni, maana mto hujaa. Jiwe lile limekaa juu ya mawe mengine kwa namna ambayo maji hayaweki mawe. Mzizi ule una kishimo, nacho kimezibwa kwa vijiti vilivyolala sambamba, na vijiti vilivyoanguka vyenyewe havilali hivyo.

Kwa maoni yetu hizi ndizo dakika zenye thamani kuliko zote katika mchezo, wala hazina uhusiano na setilaiti. Mtoto anatafuta kilichopangwa na mkono wa mtu katikati ya vilivyopangwa na maji, upepo na mvutano wa dunia. Ili afanye hivyo hana budi kujua maji hupangaje mawe. Mwalimu wa jiografia aliyeshindwa kueleza kazi ya mto kwa mchoro wa ubaoni atakuta watoto wanajadiliana habari hiyo wenyewe, tena kwa ukali, kwa kuwa kuna kasha la kupata.

Kuna kosa moja linalofanywa na walimu wengi wanapotumia vyombo, nasi tunaliona kila msimu wa mazoezi ya kufundisha. Simu ni moja, anaishika mvulana mmoja mwepesi, na wengine 40 wanamfuata nyuma kama ng'ombe waendao josho. Yule mmoja anajifunza. Wengine wanafanya matembezi. Ikiwa mwanachuo hana njia ya kuwapa kazi wale 40, afadhali aiache simu ofisini.

HESABU ILIYOMO NDANI YA NAMBARI

Kabla ya kutoka nje watoto wapate kujua nambari zenyewe zina ukubwa gani. Mzunguko wa dunia ni kilomita zipatazo 40,000. Ukigawa kwa nyuzi 360, uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111 hivi. Ukigawa tena kwa dakika 60, dakika moja ni kilomita 1.85, yaani mwendo wa kutoka shule moja kwenda nyingine katika kata nyingi. Wachezaji huandika dakika kwa sehemu za elfu, na sehemu moja ya elfu ni mita 1.85. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 100, ukiwa umelala kaskazini kwa kusini, una sehemu 54 kutoka goli hadi goli.

Longitudo ina tabia nyingine, maana mistari yake hukaribiana kadiri inavyokwenda kwenye ncha za dunia. Mjini Morogoro, latitudo ya nyuzi 6 na dakika 49 Kusini, sehemu moja ya elfu ya dakika ya longitudo ni mita 1.84, karibu sawa na ile ya latitudo. Huko Compstall, penye nyuzi 53 na dakika 25 Kaskazini, ni mita 1.10 tu. Mwalimu wa Afrika Mashariki anayo bahati ambayo mwenzake wa Uingereza hana: anaweza kuchora gridi ya miraba na isiwe uongo.

Hatari iko kwingine. Vitabu na michoro mingi huonyesha latitudo zikiongezeka kuelekea juu ya ukurasa, kwa kuwa vilianza kuchorwa na watu wa kaskazini. Kusini mwa Ikweta mtoto akitembea kuelekea kaskazini nambari ya latitudo inapungua. Akielekea mashariki nambari ya longitudo inaongezeka, lakini huko Compstall, iliyo magharibi ya Greenwich, ingepungua. Walimu wa Nanyuki, ambapo Ikweta hupita, wanaweza kuwaonyesha watoto nambari ikishuka hadi 0 na kuanza kupanda tena katika matembezi ya asubuhi moja. Jambo hili lisielezwe kwa maneno tu. Mwalimu asimame katikati ya uwanja na simu yake, wanafunzi wawili wasome nambari kwa sauti, na darasa zima lisogee kundi kwa kundi: hatua 25 kusini, hatua 25 mashariki. Hatua ya mtoto ikiwa sentimita 75, hatua 25 ni kama mita 18 na robo tatu, na nambari itabadilika kwa sehemu 10 hivi. Haitabadilika kwa 10 kamili kila mara. Mwacheni mtoto aulize kwa nini.

Namna ya kuandika nayo huleta matata. Nyuzi 6.5 si nyuzi 6 na dakika 5, ni nyuzi 6 na dakika 30. Vivyo hivyo dakika 49.500 si dakika 49 na sekunde 50, ni dakika 49 na sekunde 30. Mwanafunzi anayezichanganya hizi mbili za mwisho atalitafuta kasha zaidi ya mita 600 kutoka lilipo. Na kwa kuwa watoto wamekwisha kuzoea dakika za saa, mwalimu aseme mapema kwamba hizi ni dakika za nyuzi. Tumesikia mtoto akiuliza, kwa haki kabisa, kama mahali huzeeka.

SOMO LENYEWE

Mwanachuo asidhani kwamba bila simu hakuna somo. Kwa kweli twashauri kasha la kwanza litafutwe bila simu. Kila shule ina nguzo ya bendera. Mwalimu aifanye hiyo kuwa mahali pa kuanzia, kisha aeleze mahali pa kasha kwa mwelekeo wa dira na hatua: kutoka nguzoni, nyuzi 120, mita 60. Watoto wakishakosea kidogo watagundua kwamba dira nayo ina kosa lake: nyuzi 5 tu za kupinda, katika mita 60, humpeleka mtu zaidi ya mita 5 kando. Hapo watakuwa wamejifunza kwa dira yaleyale ambayo baadaye watayaona kwa setilaiti.

Darasa ligawanywe makundi ya watoto 6. Mmoja ashike dira, mmoja ahesabu hatua, mmoja ashike ramani, mmoja aandike, na wawili waliobaki wawe macho ya kundi: kazi yao ni kuangalia ardhi na kusema wanachokiona. Kila kasha likipatikana kazi zipokezane. Makundi yasiondoke pamoja, yapishane kwa dakika 10, na kila kundi liwe na kasha lake la kuanzia, ili lisiwepo la kufuata jingine. Kundi linalongoja lichore ramani ya njia waliyokwisha kupita. Simu ya mwalimu, kama ipo, itumike mara moja kwa kila kundi, mwishoni, kusahihisha: watoto waandike nambari wanazodhani, kisha simu iseme. Yafaa ijulikane pia kwamba kipokezi kilichomo ndani ya simu hakihitaji mtandao wa simu ili kutambua mahali. Shule iliyo bondeni pasipo na mtandao haizuiwi na jambo hilo, mradi mbingu ionekane.

Ndani ya kasha kuwe na daftari, kalamu ya risasi (ya wino hukauka), na vitu vidogo: kifungo, gololi, mbegu ya mti ambao watoto hawaujui. Usitie chakula, maana huita siafu na wanyama. Sheria ya kuacha chenye thamani sawa au zaidi ishikwe kwa uthabiti. Watoto wataibishia, wakiuliza gololi mbili ni sawa na mbegu ngapi, na mwalimu asiwakatize upesi.

Kasha lenyewe liandikwe jina la shule kwa herufi kubwa. Jambo hili si dogo. Mwaka 2011 katika mji wa Wetherby, Uingereza, kasha la mchezo huu lilidhaniwa kuwa bomu, watu wakaondolewa mitaani na wataalamu wa jeshi wakalilipua. Kwetu hofu itakuwa ya namna nyingine. Mwalimu kijana, mgeni kijijini, anayeonekana alfajiri akifukia kikopo chini ya mti kando ya mto, atakuwa na mengi ya kueleza kabla ya jioni. Basi aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwenye shamba, awafungulie kasha, awaonyeshe daftari, awaombe ruhusa. Wala asifukie. Ndoo ile ya kwanza ya Oregon ilizamishwa nusu ardhini, lakini kanuni za mchezo zilizofuata zilikataza kuchimba, na katazo hilo ni la busara: ukingo wa mto uliochimbuliwa na watafutaji wengi hubomoka mvua ya kwanza.

TAHADHARI ZA MTO

Hapa hatutafanya mzaha. Mto ndio uzuri wa somo hili, na mto ndio unaoweza kulimaliza vibaya. Mwalimu asifiche kasha mahali ambapo mtoto, hata mtoto mkaidi aliyekosea njia, ataingia majini kulifikia. Kanuni tunayowapa wanachuo wetu ni kwamba kasha lisiwe karibu na maji kwa chini ya mita 20, tena liwe upande uleule wa shule. Mtakumbuka kwamba nambari zina kosa la mita 10 au zaidi; mita 20 zimewekwa ili kosa hilo lisimpeleke mtoto ukingoni. Habari ya kuvuka ifundishwe kwenye ramani, na ikifanywa kwa miguu iwe kwenye daraja ambalo mwalimu mwenyewe amelipita siku hiyohiyo.

Mito yetu ina mambo ambayo Etherow haina. Penye mamba au viboko somo hili lisifanyike mtoni hata kama wazee wanasema hawajaonekana mwaka huu, lihamishiwe uwanjani. Maji yaliyotulia yenye konokono huleta kichocho, kwa hiyo miguu isitiwe majini hata kwa kunawa matope. Wakati wa masika mto huweza kujaa kwa mvua iliyonyesha milimani, huku shuleni jua linawaka. Mwalimu asitoke na darasa kabla ya kuuliza habari za huko juu. Tena mkono usitiwe mahali ambapo jicho halijaona. Kasha lifichwe ili lionekane kwa aliyeinama, si kwa apapasaye, na kila kundi liwe na kijiti cha kugusia kwanza, kwa ajili ya nyoka na nge.

Watoto wahesabiwe wakitoka, wahesabiwe kila kituo, wahesabiwe wakirudi. Mwalimu mmoja na watoto 45 mtoni haitoshi. Mwombe mwenzako, au mzazi, asimame kati ya makundi na maji kwa muda wote wa somo, bila kazi nyingine yoyote. Asiyepata mtu wa kusimama hapo afanyie somo uwanjani.

KASHA LISIPOPATIKANA

Mwalimu alipitie kila kasha asubuhi ya somo. Hata hivyo kuna siku kundi litarudi mikono mitupu. Wachezaji wa jiokashi wana desturi nzuri hapa: asiyeliona kasha huandika kwamba hakuliona, na taarifa hiyo humsaidia mwenye kasha kujua kama bado lipo. Nasi tuwazoeshe watoto vivyo hivyo. Kundi liandike tarehe, saa, lilitafuta wapi, na liliona nini. Taarifa ya "hatukuliona" iliyoandikwa vizuri ipewe alama sawa na ya kundi lililolipata, na mara nyingine zaidi. Mwanachuo akitoa alama kwa kasha peke yake, baada ya wiki mbili atakuta watoto wanaoongozwa kwa kunong'onezwa na wenzao waliotangulia, na daftari lenye majina ya watu ambao hawakufika.

Taarifa mbili za namna hiyo zikifuatana, mwalimu aende mwenyewe. Pengine mvua imelichukua, pengine mchungaji ameona kikopo kizuri cha kutilia chumvi. Ikiwa halipo, lifutwe katika orodha mbele ya darasa, na watoto waelezwe lilipokuwa, waende wapaangalie. Mwisho wa muhula makasha yote yakusanywe, yahesabiwe yasibaki takataka porini, na madaftari yake yawekwe kabatini, maana darasa litakalofuata litaanza somo kwa kuyasoma.